Changuu na Majina Yake

Ukisimama Forodhani ukaelekeza macho kaskazini-magharibi, utakiona kisiwa kirefu chembamba, masafa ya kilomita 5 na nusu hivi kutoka pwani ya Mji Mkongwe. Urefu wake ni kiasi cha mita 800. Upana wake, hata pale kilipopanuka, haufiki mita 250. Wavuvi hukiita Changuu, kwa jina la samaki wa maji yale, na jina hilo limewashinda nguvu wote waliowahi kukimiliki.

Kwani kisiwa hiki kilikuwa na wenyewe. Katika miaka ya 1860 kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili, nao wakakifanya pahala pa kuwafungia watumwa wakaidi kabla ya kuuzwa au kusafirishwa. Wakaidi! Hilo ni neno la mwenye mali. Aliyekataa kuuzwa angestahili jina jingine. Palichimbwa pia jiwe la matumbawe, lile lile lililoungwa kwa chokaa na boriti likasimamisha nyumba zetu za mjini.

Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa, akajenga jela. Ikamalizika, lakini hakuna mfungwa hata mmoja aliyelazwa ndani yake. Hofu ya homa ya manjano ilikuwa kubwa zaidi kuliko hofu ya wahalifu, na majengo yakageuzwa karantini ya wasafiri wa merikebu. Kazi hiyo ilikuwa ya nusu mwaka tu; miezi iliyobaki watu wakienda kupunga upepo. Mwaka 1923 kisiwa kikabandikwa rasmi jina la Kibandiko. Halikushika.

Lililoshika kwa wageni ni lile la Kiingereza, la jela. Hapa ndipo kalamu yangu inapogoma. Mgeni anavushwa bahari kwenda kutazama kuta zisizowahi kumfunga mtu, na jina analorudi nalo linaikumbuka jela hiyo tupu. Wale waliofungwa kweli, miaka thelathini kabla ya jiwe la kwanza la Mathews, hawamo katika jina hilo.

Kobe wana hadithi yao. Mwaka 1919 waliletwa wanne, zawadi ya gavana wa Shelisheli, jamii ya kobe wakubwa wa Aldabra. Kufikia 1955 walikuwa kiasi cha 200. Kisha wakaanza kuibwa, usiku na mchana, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu. Ndipo ukajengwa ua wa kuwalinda, wakaanza tena kuzaana.

Na mwenye kisiwa leo ni nani? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitwaliwa na dola, na sheria ya 1992 ikathibitisha kuwa ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Anayejenga hoteli katika kisiwa hana zaidi ya mkataba wa kukodi, hata tangazo lake likisema kisiwa ni chake peke yake. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kukodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji, na mjadala ukapamba moto barazani.

Pale ufukweni manahodha humwita mtalii kwa lile jina la jela. Wakizungumza wao kwa wao, wanakwenda Changuu.