Kipindupindu na Maji ya Ziwa Kivu
Bukavu, mji ulioitwa Costermansville wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, umejengwa kwenye rasi na miteremko ya kusini mwa Ziwa Kivu, ambako mvua kubwa huporomosha udongo na kusomba uchafu wa vyoo hadi mahali watu wanapochota maji. Kipindupindu, yaani ugonjwa wa kuhara unaosababishwa na bakteria wa majini, kiliingia mashariki mwa Kongo katika miaka ya 1970 na kujikita kwenye ukanda wa maziwa. Mnamo Julai 1994 kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda huko Goma, kikafundisha kwamba maji safi ni kinga inayotangulia dawa. Ndiyo maana katika vituo vya klorini, dawa ya kuua vijidudu, mhudumu husimama ufuoni akitia kipimo cha klorini kwa bomba la sindano katika kila bidoni iliyojazwa ziwani. Mafuriko ya Kalehe, eneo lililo kando ya ziwa hilohilo, yaliyoua watu zaidi ya 400 Mei 2023, yalithibitisha kwamba klorini, vitanda na wahudumu vinapaswa kuwa tayari kabla ya msimu wa mvua kuanza mwezi Septemba.