Utani, Dawa ya Vinyongo vya Kale

Wahenga walinena: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini hawakutuambia dawa yenyewe ni ipi.

Hapa Ggaba, kando ya ziwa, wanafunzi wengi huja kujifunza Kiswahili wakiwa na kinyongo walichorithi kwa wazee wao. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hata hivyo, raia wengi waliisikia lugha hiyo vinywani mwa askari, ikawa kwao lugha ya amri na vitisho. Mwalimu afanyeje? Natutazame historia ya jirani zetu wa Tanzania.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baadhi yao wakafanya makao katika nchi ya Songea. Huko walipambana na Wahehe. Vita vikali vilipiganwa mwaka 1878, zama za Munyigumba, vikazuka tena mwaka 1881 hadi 1882, zama za mwanawe Mkwawa. Damu nyingi ilimwagika. Lakini wajukuu wa mashujaa hao ni watani.

Utani si mzaha wa ovyo, bali ni desturi yenye kanuni. Mtani humkejeli mwenzake, naye aliyekejeliwa haruhusiwi kukasirika, ila hulipiza kwa kejeli nyingine. Msibani, mtani huweza kuzuia maziko mpaka alipwe chochote, au akaigiza mwendo wa marehemu, hata wafiwa wakacheka kabla machozi hayajakauka. Hivyo, watu ambao babu zao waliuana ndio wanaosaidiana kuzikana. Vita havikusahauliwa, maana hutajwa kila siku. Kilichoondolewa ni sumu yake.

Nimeyaona haya darasani mwangu. Mwanafunzi mmoja, mvuvi mtu mzima, kila niliposema "Simameni!" aliinua mikono juu, kama raia aliyekamatwa na askari. Wenzake walicheka, nami nikaona haya. Siku moja nikamjibu: "Haya, toa kitambulisho!" Papo hapo akasema: "Afande, nimekiacha ziwani, samaki wamekichukua." Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili aliyoitunga bila kuulizwa.

Lakini, ndugu walimu, tujihadhari. Yule mzee ndiye aliyeanza; mimi nilifuata. Haifai mwalimu alichekee jeraha ambalo mwenyewe bado analilia. Na anayetaka kutania, sharti naye akubali kutaniwa.

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, sheria huweza kumleta mtoto darasani, lakini haiwezi kumtoa kinyongo. Kazi hiyo imeachwa mikononi mwetu, na watani wa Songea na Iringa wametuonyesha namna ya kuianza.