Ukoo wa Delamere na Ardhi ya Wamaasai: Ushahidi wa Majina ya Mahali

Uchunguzi wa majina ya mahali aghalabu huonekana kuwa jambo dogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina laweza kuhifadhi ushahidi ambao hati ya serikali haikuusema.

Cholmondeley ni ukoo wa makabaila wa Cheshire, Uingereza. Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley wa Vale Royal alitunukiwa cheo cha Lodi Delamere. Mrithi wa tatu wa cheo hicho, Hugh Cholmondeley (1870–1931), alifika Kenya mwaka 1897 katika safari ya kuwinda, kisha akarudi kulowea. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha eka 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Baadaye alijipatia shamba la Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita.

Ardhi ya walowezi ilipatikanaje? Mkataba wa 1904, uliokubaliwa na laibon Olonana na wenziwe, uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa. Waligawanywa mahali pawili: Laikipia, na hifadhi ya kusini ambamo Kajiado imo. Waliahidiwa kwamba makazi hayo yangekuwa yao madhali taifa lao lingalipo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka 10, kwani mkataba wa 1911 uliwahamisha wa Laikipia nao kwenda kusini. Waliposhtaki, mwaka 1913 mahakama iliamua kwamba mikataba ile ilikuwa ya mataifa mawili, hivyo haikuwa na mamlaka juu yake. Yaani Wamaasai waliitwa taifa ili wanyimwe haki ambayo raia angeipata.

Delamere mwenyewe alijifunza Kimaasai, na wachungaji wake wengi walikuwa Wamaasai. Labda ndiyo sababu hakulibadili jina la Soysambu, ambalo katika Kimaasai humaanisha jiwe la madoa. Jijini Nairobi mambo yalikuwa kinyume: barabara iliyoitwa kwa jina lake ikawa Kenyatta Avenue baada ya uhuru, na sanamu yake ikaondolewa.

Tukilinganisha na Oltepesi, katika Kajiado, tofauti hudhihirika. Oltepesi ni jina la mgunga, na waliolitunga jina wangali wakiishi chini ya kivuli chake. Soysambu, ambako hifadhi ya wanyama ilianzishwa mwaka 2007, jina lilibaki, wenye jina wakahamishwa. Kuondoa sanamu ni kazi ya siku moja. Kurudisha ardhi kwa walioipa jina ni suala ambalo uhuru haukulimaliza.