Warszawa Chini ya Kifusi

Tarehe 28 Septemba 1939 Warszawa ilisalimu amri kwa Wajerumani. Meya wake, Stefan Starzyński, ambaye sauti yake redioni ndiyo iliyowatia watu moyo siku za mzingiro, alikamatwa mwezi uliofuata na hakurudi tena. Vyuo vikuu na shule za sekondari zikafungwa. Kwa Wajerumani, ilitosha Mpolandi ajue kuhesabu, kuandika jina lake na kutii. Walimu wakaendelea kufundisha kwa siri majumbani, vikundi vidogo vidogo, huku wakijua kwamba wakibambwa ni kambi au risasi.

Wengi husimulia mapambano ya mji ule kwa bunduki. Mimi naanza na karatasi.

Novemba 1940 Wayahudi wa Warszawa walifungiwa ndani ya kuta za geto. Mwaka uliofuata walipita 400,000. Humo mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliunda kundi la siri lililokutana Jumamosi, likajiita Oneg Szabat, yaani furaha ya Sabato. Walikusanya kila kitu: kadi za mgao wa chakula, tiketi za tramu, insha za watoto wa shule, matangazo ya kubandikwa ukutani, hata karatasi za peremende. Hizo za peremende ndizo zinazoniuma zaidi. Watu wanakufa kwa njaa mitaani, na mtu anaokota karatasi ya pipi, anainyoosha, anaiweka, ili atakayekuja ajue kwamba hapa paliishi watu.

Julai 22, 1942 treni za kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka zikaanza kujazwa. Katika wiki chache walichukuliwa zaidi ya watu 250,000. Mwanzoni mwa Agosti, msako ukiwa umepamba moto, mwalimu Israel Lichtensztajn na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake walifukia masanduku 10 ya bati chini ya jengo la shule, mtaa wa Nowolipki, namba 68. Mmoja wao, Dawid Graber, alikuwa na miaka 19. Aliandika wasia wake, akautia ndani pamoja na karatasi nyingine. Februari 1943 yakafuata madebe mawili ya maziwa, pale pale.

Aprili 19 geto likaasi, likateketezwa. Ringelblum alifumwa mafichoni Machi 1944, akauawa pamoja na familia yake na Wapolandi waliomficha.

Kisha Agosti 1, 1944, saa kumi na moja jioni, mji mzima ukainuka. Ulipigana siku 63. Raia waliouawa hawapungui 150,000. Waliobaki wakafukuzwa, na nyumba zikachomwa na kulipuliwa mtaa kwa mtaa.

Wasia wa Graber ulibaki chini ya kifusi hicho. Mwaka 1946 Hersz Wasser, mmoja wa watu watatu wa kundi lile waliosalimika, alisaidia kuwaonyesha wachimbaji pa kuchimba, mahali ambapo hata barabara haikutambulika. Septemba 18 masanduku yakatoka. Maji yalikuwa yameingia, karatasi zimeota ukungu, nyingine wino umefutika. Madebe ya maziwa walikuja kuyakuta mafundi wa ujenzi Desemba 1950, na ya ndani yalikuwa yamehifadhika vizuri zaidi.

Fungu la tatu lilifukiwa karibu na mtaa wa Świętojerska. Limetafutwa, halijaonekana hadi leo.