Malisho Bila Hati: Kisa cha Walowezi wa Kondoo wa Australia

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini historia ya ukoloni imejaa wageni waliofika na wenyeji wasipone. Katika makala haya tumekusudia kueleza kisa kimoja cha namna hiyo, cha walowezi wa Australia walioyakalia malisho makubwa katika karne ya 19 pasipo hati yoyote, kisha sheria ikawafuata kuwahalalisha. Nchi hiyo i mbali nasi, ila jambo lenyewe si geni kwetu.

Waingereza walitia nanga Sydney mwaka 1788, wakiongozwa na Arthur Phillip. Waliwakuta wenyeji ambao wazee wao walikuwa wameishi huko kwa makumi ya maelfu ya miaka, kila jamaa na eneo lake, mito yake na mahali pake patakatifu. Kwa kuwa hawakuona mashamba wala nyua kwa desturi ya Ulaya, wageni hao waliihesabu nchi kuwa haina mwenyewe, na ardhi yote ikafanywa mali ya mfalme wa Uingereza. Hapo ndipo ulipo mzizi wa dhuluma.

Hapo kwanza walowezi walibanwa kati ya pwani na milima. Mwaka 1813 Blaxland, Lawson na Wentworth walipata njia ya kuivuka, na nyuma yake yakaonekana majani tele. Wakati huo viwanda vya nguo vya Uingereza vilihitaji sana sufu, na kondoo wa merino, walioletwa mwaka 1797, walistawi. Serikali iliogopa gharama za kuwatawala watu waliotawanyika. Kwa hiyo mwaka 1829 iliweka mpaka wa wilaya 19, ikakataza mtu kukaa nje yake. Amri hiyo ilikuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha. Mwenye kondoo aliswaga mifugo yake, akajenga kibanda cha magome karibu na mto, akasema kuwa kuanzia mlima ule hadi kijito kile ni kwake. Watu hawa waliitwa maskwota, neno litokanalo na kuchutama. Mwanzoni lilikuwa neno la dharau, likiwahusu wezi wa mifugo. Baada ya miaka michache likawa la heshima, maana waliochutama sasa walikuwa maofisa na wana wa matajiri.

Mwaka 1835 John Batman alifika karibu na mahali ulipo leo mji wa Melbourne, akafanya mapatano na wazee wa Wakulin, akadai amepata ekari 600,000 kwa mablanketi, visu, shoka na vioo. Gavana Richard Bourke akayatangaza mapatano hayo kuwa batili. Sababu yake tuitazame vema: hakusema kwamba wazee wamepunjwa, bali kwamba ardhi ni ya mfalme, na wenyeji hawana cha kuuza. Hata hivyo walowezi hawakuondoka. Mwaka 1836 serikali iliwatoza leseni ya pauni 10 kwa mwaka, malisho yawe na ukubwa wowote. Gavana Gipps alipojaribu kuongeza ada mwaka 1844, waliunda chama na kupeleka malalamiko London. Amri ya mwaka 1847 ikawapa mikataba ya hadi miaka 14 pamoja na haki ya kununua kabla ya wengine. Hivyo mvunja sheria aligeuzwa kuwa mpangaji mheshimiwa.

Na mwenyeji je? Kondoo walikula mizizi na nyasi zilizokuwa chakula chake, wakachafua visima vyake. Alipochinja mmoja kwa njaa, aliitwa mwizi. Tarehe 10 Juni 1838, huko Myall Creek, kundi la wachungaji liliwaua wenyeji wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wauaji saba walinyongwa, jambo lililokuwa nadra. Lakini kiongozi wao, mlowezi wa ukoo wenye ardhi, hakukamatwa kamwe.

Sasa tulipime neno hilohilo huku kwetu Afrika Mashariki. Wajerumani mwaka 1895 walitoa amri iliyoihesabu ardhi ya Tanganyika kuwa haina mwenyewe, ikawa ya dola yao. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999, na sheria ya mwaka 1918 ikamtaka Mwafrika aishiye katika mashamba hayo amfanyie kazi mlowezi siku 180 kwa mwaka. Mwafrika huyo ndiye aliyeitwa skwota! Australia, skwota alikuwa mgeni aliyeinyakua ardhi. Kenya, alikuwa mwenyeji aliyenyang'anywa. Neno ni moja, hali ni mbili, na tofauti yake ni nani aliyeshika kalamu ya sheria.

Lakini dhuluma haidumu. Mwaka 1966 Wagurindji, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi katika ranchi ya Wave Hill, wakadai nchi ya wazee wao. Mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimimina mchanga wa nchi hiyo katika kiganja cha Lingiari. Mwaka 1992, katika kesi ya Eddie Mabo, Mahakama Kuu ya Australia iliukana uongo kwamba nchi haikuwa na mwenyewe. Na mwaka 1996 ikaamua kuwa mkataba wa malisho peke yake si lazima uzime haki ya mwenyeji.

Tunajifunza kwamba hati si mama wa haki. Karatasi huandikwa na mwenye nguvu, na mwenye nguvu hubadilika. Bali kaburi la babu, kisima na jina la mlima ni ushahidi usiochanika. Kwa hiyo majina ya mahali petu na masimulizi ya wazee wetu tuyaandike na kuyahifadhi, kwa kuwa taifa lisilokumbuka ardhi yake huambiwa na wengine kwamba halikuwa nayo.