Mpaka wa Mchezo: Ugomvi wa Kuigiza katika Mwaka Kogwa na Beni

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kucheza, kwa ngoma, kwa mpira na kwa tamthilia. Umoja huo wa neno unatuongoza katika swali la mhadhara huu: jamii za Waswahili ziliwezaje kuwaruhusu watu wapigane na kukejeliana kwa kuigiza, kisha warejee makwao wakiwa bado ni majirani?

Mfano wa kwanza ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Jina lenyewe ni la lahaja ya huko, ambamo koga ni kuoga. Sikukuu hii inatokana na Nairuzi, mwaka mpya wa jua wenye asili ya Kiajemi, na siku hizi huadhimishwa mwezi Julai. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba. Mfanano wa mgomba na kugomba unavutia sikio, lakini mfanano wa sauti si ushahidi wa asili moja. Lililo muhimu ni silaha yenyewe: mgomba ni laini, una maji mengi, na huvunjika kabla ya kuvunja. Wanawake nao huimba, na baadhi ya nyimbo ni za kejeli. Baadaye kibanda cha makuti huchomwa moto, na watu hula na kucheza pamoja. Ugomvi, basi, una siku yake, uwanja wake, silaha yake na mwisho wake.

Mfano wa pili ni Beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea hadi Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana. Terence Ranger aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1975. Wachezaji walivaa sare, walipeana vyeo vya kijeshi na kuandamana kwa gwaride. Hapa hapakuwa na mgomba. Kilichopunguza makali ni cheo cha kuigiza, kwa kuwa kejeli ilimlenga "jenerali", si jirani. Hata hivyo, mpaka huo haukuwa imara daima. Mashindano yalimaliza fedha za watu, na mara nyingine uhasama ulivuka uwanja. Watawala wa kikoloni nao, hasa baada ya vita vya 1914–1918, waliitilia shaka Beni, wakihofu kwamba nyuma ya jeshi la mchezo kulikuwa na uasi wa kweli.

Kutokana na hayo, sikubaliani na wanaodai kwamba michezo hii ilikuwa njia ya kutoa hasira tu. Hasira isiyo na mpaka huzaa nyingine. Kilichowalinda watu ni maarifa ya kukoma.

Nami nina la kukiri. Nilipokuwa kijana nilijaza madaftari yangu maneno ya kejeli za ngomani, wala sikuuliza ni nani aliyekuwa na haki ya kusema "basi", wala alisema kwa maneno gani. Leo kamera za wageni huko Makunduchi hurekodi mapigo. Wanafunzi wangu, nendeni mkarekodi usuluhishi, maana mchezo ukipoteza neno lake la mwisho hubaki vita.