Tundu la Gonin

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyebanduka retina alilazwa kitandani kwa wiki kadhaa, kichwa kisitikisike, na bado wengi waliishia upofu. Jules Gonin, daktari wa macho wa Lausanne, Uswisi, aliliangalia tundu dogo kwenye retina. Wenzake walidai ni matokeo tu. Yeye akasema ndilo chanzo, maana majimaji hupenyea hapo na kuibandua. Basi akalisaka, akapima lilipo, akachanja ukuta wa jicho na kuingiza chuma cha moto ili kovu lilizibe. Mwili unanisisimka nikisoma. Ila kinachonivutia zaidi ni ile subira ya kusaka kabla ya kuchoma. Alipingwa miaka mingi, hadi mkutano wa Amsterdam wa 1929 ulipomkubali. Alifariki 1935. Leo leza na baridi kali vimechukua nafasi ya chuma. Tundu bado husakwa kwanza.